Qur'an haisubiri cheti cha darubini

Haipiti wiki siku hizi bila kusikia katika mihadhara yetu kuwa sayansi "imethibitisha" Qur'an. Safari hii ni picha ya Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota, inayosambazwa simuni pamoja na aya ya 11 ya Surat Fussilat, inayotaja mbingu ilipokuwa moshi. Kijana mmoja akaniuliza baada ya darsa: "Ustadhi, huu si ushahidi tosha?" Nikamjibu, hapana.

Ndugu msomaji, aya inazungumzia mwanzo wa mbingu. Wingu lile lipo, na bado linazaa. Liko umbali wa takriban miakanuru 1,350. Yaani mwanga tunaouona uliondoka huko wakati baadhi ya Masahaba wangali hai. Mwendo wa gesi yake hupimwa kwa mwanga huo huo: gesi inayotujia, mwanga wake husogea kidogo upande wa buluu, inayotukimbia, upande wa wekundu. Wengi walidhani kuwa joto la nyota kali iliyo katikati ndilo hasa linaloisukuma gesi. Mwaka 2019, vipimo vya SOFIA, darubini iliyokuwa ikibebwa na ndege, vilionyesha kuwa upepo wa nyota hiyo ndio uliopuliza gamba kubwa la gesi, linalotanuka kwa kilomita 13 kwa sekunde. Kumbe nyota iliyozaliwa humo inatawanya wingu ambalo lingezaa wenzake!

Maelezo yamebadilika, na huenda yakabadilika tena. Si aibu kwa wataalamu, ndiyo kazi yao. Lakini aliyeifunga imani ya mwanawe kwenye maelezo ya 2018, atamwambia nini? Kijana akifika chuo kikuu akakuta aliyoambiwa msikitini siyo, hatamtilia shaka mhadhiri peke yake. Na anayetaka Kitabu kipigwe muhuri na maabara amekwishaiweka maabara juu ya Kitabu, hata kama nia yake ni daawa.

Sisemi tuache kutazama juu. Abdul-Rahman al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 hivi, alitaja kidoa mfano wa wingu ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Hakuwa na darubini. Aliandika alichokiona, na mahali alipokiona.