Asichekwe Anayemlilia Paka Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyosema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nawausia na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Palikuwa na mtoto mdogo Madina, mwana wa Abu Talha na Ummu Sulaym, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama. Mtoto huyu alikuwa na kindege akikichezea. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mazoea ya kuitembelea nyumba ile, na siku moja akamkuta mtoto amenyong'onyea. Akauliza ana nini, akaambiwa kindege chake kimekufa. Hapo akamgeukia mtoto, akamwita Abu Umayr, kwa kunia, yaani jina la heshima la "baba wa fulani", kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Asili ya kisa hiki imo katika Bukhari na Muslim.

Tazameni nani anamsemesha nani. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, anashukiwa na wahyi, anapokea wajumbe wa makabila, ana vita vya kupanga na mayatima wa kuwalisha, na bado alipata nafasi ya kumpa pole mtoto aliyefiwa na kindege. Hakumwambia ni ndege tu. Hakumwambia atatafutiwa mwingine. Alikitaja kile kile kilichokufa. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akatoa humo mafunzo yapatayo 60.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wiki hii mama mmoja wa mtaa wetu amenijia na swali, na nimeona haya kuwa swali lenyewe limelazimika kuulizwa. Nyumbani kwake walikuwa na paka aliyelelewa pamoja na watoto. Walimnunulia chakula kile kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia. Siku chache baadaye paka akakataa kula, akawa anatapika, anajificha chini ya kabati. Walipomfunua mdomo, fizi zilikuwa za njano, na ngozi ya ndani ya masikio ya njano vilevile. Daktari wa mifugo akawaambia ini limekwisha. Akaomba aletewe kile chakula, akakinusa, akawaonyesha ukungu chini ya mfuko. Paka akafa usiku ule. Watoto wanalia, na majirani wanacheka: paka tu huyo, mbona wamejaa mtaani? Mama anauliza: je, watoto wangu wanakosea kwa Mungu wanapomlilia mnyama?

Hawakosei. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akawafahamisha waliomshangaa kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, na la kujichunga ni ulimi usitamke lisilomridhisha Mola. Chozi ni rehema. Lililokatazwa ni kupiga makelele, kujichania nguo, kumlaumu Muumba. Na paka mwenyewe si kiumbe wa kudharauliwa katika dini yetu. Abu Qatada (r.a.) aliwekewa maji ya kutawadhia, akaja paka, naye akakiinamisha chombo paka anywe kwanza. Kabsha, mke wa mwanawe, alipomkodolea macho, akamweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaozunguka zunguka miongoni mwetu majumbani. Nendeni Lamu mkaone: paka wamelala kwenye vibaraza vya misikiti na hakuna anayewafukuza. Wazee wetu walikuwa na elimu hii hata kama hawakuisomea.

Paka hakoshwi, hakafiniwi wala haswaliwi. Chimbeni shimo la kutosha, mbali na kisima, mumfukie. Kumtupa jaani huku watoto wanatazama ni ukatili usio na faida kwa mtu yeyote. Na ikiwa ameuawa na sumu, basi jaani atakuja kunguru au mbwa ale mzoga ule, balaa ienee.

Kuna jambo jingine ambalo yule mama hakulitamka mpaka nilipomuuliza. Alisema kinachomchoma zaidi ni kwamba chakula kile alikitia kwenye kisahani kwa mkono wake, na paka alipokataa, alimbembeleza ale. Ndugu zangu, msiba wa sumu una uchungu wake wa peke yake. Aliyefiwa kwa maradhi humwachia Mungu. Aliyefiwa kwa chakula huwa anaurudia mkono wake kila saa: laiti ningekinusa, laiti ningenunua kwingine. Mtume (s.a.w.) ametuonya na neno hilo la laiti, kwamba humfungulia shetani mlango. Wewe mama ulinunua chakula kwa fedha yako ya halali, ukakusudia kushibisha. Matendo huhesabiwa kwa nia. Kulisha mnyama ni ibada. Mwajua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake cha ngozi maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mola akamghufiria. Sahaba walipouliza kama wana ujira katika wanyama, waliambiwa upo katika kila chenye uhai. Ujira wako kwa Mola wako haukupotea kwa sababu mtu mwingine alikuuzia sumu.

Basi sasa tumseme huyo mtu mwingine. Hapa ndipo nataka tukae.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akakuta lundo la chakula linauzwa. Juu lilikuwa zuri. Akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua iliyolipata. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwa kuwa mvua ni amri ya Mungu. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakione, kisha akamtoa katika wafuasi wake kila mwenye kughushi. Hadithi ya Muslim hii. Wangapi humu msikitini wana duka, wana ghala, wana shamba? Kila mmoja wenu ajiulize angejibu nini kama mkono ule ungetiwa kwenye gunia lake leo.

Maana unyevu ule ndio unaoua. Mahindi au karanga zikihifadhiwa zikiwa na maji, huota kuvu, na kuvu hutoa sumu ambayo wataalamu wetu wanaiita sumukuvu. Haina rangi wala harufu ya kutegemea, na kupika hakuiondoi. Hushambulia ini. Wanyama ndio walioifichua: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Baadaye zikaja zamu zetu sisi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa na Kiteto: wagonjwa 68, waliofariki 20. Kondoa ni kwa ndugu zetu, misikiti imejaa. Walikula ugali wa mahindi ya shamba lao wenyewe, na hakuna aliyewakusudia uovu.

Lakini yapo yanayokusudiwa. Simameni gulioni siku mahindi yanapochaguliwa. Mwanamke ameketi na ungo, punje nyeupe safi zinaingia gunia la kushoto, la kusaga. Zile zilizobadilika rangi, zenye ukijani, zilizotobolewa na wadudu, zilizoshikana kwa ukungu, zinasukumwa kulia. Muulize tajiri za kulia zinakwenda wapi. Atakujibu bila kupepesa jicho: hizo za mifugo. Husagwa, zikachanganywa na pumba na dagaa, zikauzwa kwa mfugaji wa kuku, kwa mwenye ng'ombe, kwa mwenye mbwa wa kulinda, na sasa kwa mwenye paka.

Nani alitupa fatwa kwamba kumlisha sumu mnyama ni halali? Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Huyo alimnyima chakula tu. Je, anayemwekea sumu kwenye chakula kwa kuwa anajua mnyama hawezi kushitaki? Mwenyezi Mungu katika Surat Al-An'am, aya ya 38, ametufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao.

Na yeyote anayedhani sumu itaishia kwa mnyama anajidanganya. Ng'ombe akila pumba zenye sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa yale yanaingia kwenye uji wa mtoto. Mwenye ghala amelikwepa gunia bovu kwa mkono mmoja na kulipokea kwa mwingine kwenye chai yake.

Nitawapa kisa kimoja cha nchi za mbali, kwa sababu kinaonyesha hasara ya kumcheka aliaye. Machi 2007, paka na mbwa Amerika ya Kaskazini walianza kufa kwa figo kuziba. Kampuni ya Menu Foods ya Kanada ikarudisha kutoka madukani makopo na vifuko zaidi ya milioni 60. Ikabainika kuwa gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani ngumu za plastiki. Kisa ni nini? Kipimo cha kiwandani hakihesabu protini yenyewe, huhesabu naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi. Unga hafifu ukaonekana unga bora. Ni lundo lile lile la Madina, juu zuri, chini limelowa. Wenye paka walilia, wakaambiwa na wengine kuwa wanazidisha. Haukupita muda, mwaka 2008, melamini ile ile ikaonekana kwenye maziwa ya watoto wachanga huko China kwenyewe. Watoto wapatao 300,000 waliugua, 6 walikufa. Hila ni ile ile, kipimo ni kile kile. Tofauti ni nani aliyekula. Na mwishoni mwa 2020, huko Marekani, sumukuvu ya mahindi kwenye chakula cha mbwa iliua wanyama zaidi ya 100 kabla mwezi wa Januari haujaisha.

Mnyama wa nyumbani hula kitu kimoja kila siku na mwili wake ni mdogo. Ndiyo maana humtangulia mwenye nyumba. Basi paka akifa ghafla, mlilieni, kisha muulizeni kilichomuua. Msikitupe kile chakula. Kifungeni kwenye mfuko, kiandikeni kilinunuliwa wapi na lini, kipelekeni kwa daktari wa mifugo wa kata pamoja na maelezo ya dalili mlizoziona. Mwambieni muuzaji kwa upole, huenda naye ameuziwa. Wala msimtangaze mtu mtaani kabla ya kuthibitisha. Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari, na huenda paka alikula panya aliyekufa kwa sumu ya dukani. Lakini kunyamaza kabisa kwa kuwa mnamwonea muuzaji muhali ni kumwachia jirani apate kilichowapata.

Nanyi wakulima wetu, haya hayahitaji mitambo. Anikeni juu ya turubai, msianike juu ya udongo. Mahindi yawe makavu kufikia unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuyafunga. Asiye na kipimo atie punje kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, aitikise, aiache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Punje zilizoharibika zifukieni au zichomeni. Najua ni hasara. Najua gunia moja ni karo ya mtoto. Lakini riziki iliyoandikwa haipunguzwi kwa kufukia sumu, na fedha ya gunia lile ikiingia nyumbani, inaingia bila baraka.

Ewe mama uliyeniuliza, na watoto wako: Mwenyezi Mungu awape subira na awaandikie ujira wa kila siku mliyomlisha. Nanyi majirani mliocheka, nendeni mkawape pole leo baada ya swala, kama Mtume wenu alivyompa Abu Umayr. Na wewe mwenye ghala, ukitoka hapa usipitilize nyumbani. Fungua magunia yako, tia mkono mpaka chini, na gunia utakalolikuta limelowa usiliuze kwa mtu wala kwa mnyama.