Aliyesubiri Ameridhia?

Mpwa wangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia jimbo la California nchini Marekani na kufanya huko kazi ya useremala, alinunua pikapu mpya ya kubebea mbao na vyombo vyake, na kabla ya kutimia mwezi wa tatu gari lile likamwonyesha tabia ambayo kwetu tungaliisimulia juu ya punda: likiwa njiani, hasa likipanda mlima na mzigo mgongoni, giaboksi ilikataa kupokea gea, gari likashtuka, likaishiwa nguvu, na taa ya injini ikawaka, bali akilifikisha gerejini kwa wakala aliyemwuzia, hutulia kama mtoto aliyesomewa. Mara ya kwanza mafundi walimwandikia kuwa hawakuona kosa, mara ya pili wakabadilisha kifaa, mara ya tatu wakaitia kompyuta ya gari maagizo mapya, naye kila mara alilichukua kwa furaha na kulirejesha kwa huzuni.

Aliponiandikia hakuniuliza habari za giaboksi, ambazo ajua kuwa sizijui. Aliniuliza masala ya dini. "Mjomba," alisema, "rafiki yangu wa msikitini aniambia kuwa subira yavuta heri, na kushitakiana kwa ajili ya chuma ni tamaa ya dunia, mwingine aniambia kwamba maadamu nimeliendesha nikiujua ubovu wake, nimekwisha kuridhia na haki yangu imekufa. Nimfuate yupi?"

Huyu wa pili tusimdharau, maana amesoma. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, mnunuzi akivumbua katika kitu ila iliyokuwamo tangu kwa muuzaji ana hiari ya aibu: akitaka atakishika kwa bei ile ile, akitaka atakirudisha na kupokea fedha yake. Lakini hiari hiyo sharti itumike mara moja. Akikawia bila udhuru, au akiendelea kumpanda mnyama kwa haja zake badala ya kumpeleka kwa mwenyewe, huhesabiwa kuwa ameridhia. Na hukumu hii ina hekima, kwa kuwa sharia haiwezi kufunua kifua cha mtu ikasoma, basi husoma mikono yake. Anayelalamikia chumvi ya pilau hata akafikia kulikwangua sinia, malalamiko yake hupimwa kwa sinia. (Neno lenyewe lina ajabu: kwa Waarabu aibu ni kasoro ya kitu, nasi tumelichukua tukalifanya fedheha ya mtu, ndiyo maana yamkini mwenye gari bovu huona haya yeye, ilhali aliyelitengeneza hulala usingizi.)

Walakini rafiki huyu alisahau mlango mmoja. Imamu Nawawi, katika Minhaji yake, anapozihesabu ila zinazompa mnunuzi hiari, anawataja mnyama mwenye kwenda mbio asishikike na mnyama mwenye kuuma. Hizi ni ila za tabia. Mnyama wa namna hiyo akifungwa mbele ya kadhi, atasimama kwa adabu na kutafuna majani, na shahidi wa haki ataapa kuwa hakuona kitu. Kushtuka mara moja si tabia, huenda aliona nyoka. Na mara ya pili bado ni shaka. Basi mtu hujua lini? Fikihi yasema hiari huanza kuhesabiwa tangu kujua, nami nadai kuwa kuijua ila inayokuja na kwenda si tendo la dakika moja, ni kazi ya miezi, na anayesubiri katika miezi hiyo hajaridhia, bali yu katika kutafuta yakini.

Na huko aliko, sheria imekwenda mbele zaidi ya hapo: si kwamba inamsamehe mnunuzi subira yake, inaitaka. Jimbo la California lina sheria ya dhamana za bidhaa tangu mwaka 1970, na mwaka 1982, mwaka ule ule ambapo Connecticut ilitangulia majimbo yote kuweka sheria mahsusi ya magari mapya yasiyotengenezeka, nayo iliongeza vipimo vyake. Wenyewe huziita sheria za limau, kwa kuwa gari baya kwao ni limau. Tunda hilo limeonewa, maana sisi hatuli samaki pasipo hilo. Vipimo ni hivi: katika miezi 18 au maili 18,000 za kwanza, kilichotangulia kati ya hivyo, ikiwa ila moja imetengenezwa mara nne au zaidi bila kupona, au mara mbili iwapo yaweza kuua au kujeruhi vibaya, au gari limelala gerejini kwa jumla ya siku zaidi ya 30, basi sheria hudhani kuwa mtengenezaji amekwisha kupewa nafasi ya kutosha, mpaka yeye alete hoja ya kuivunja dhana hiyo, na dhana ikisimama, kiwanda hulazimika ama kutoa gari jingine ama kulinunua tena lile lile. Kwa hiyo karatasi tatu alizopewa mpwa wangu gerejini, moja kwa kila safari, ambazo rafiki yake aliziona kuwa hati za ridhaa, kwa kadhi wa huko ni hujja za madai, kila moja ina tarehe yake na maili zake.

Hapa ndipo nilipomgeukia rafiki wa kwanza, yule wa subira. Nabii Ayubu amesifiwa ndani ya Kurani kwa subira, na Kurani hiyo hiyo yasimulia kwamba alimlilia Mola wake kuwa amepatwa na dhara. Maulamaa hawakuona mgongano: kumshitakia yule mwenye uwezo wa kuliondoa dhara hakuvunji subira, kinachoivunja ni kunung'unika kwa wapita njia. Hasha, simfananishi Muumba na kiwanda cha magari. Nachukua kanuni tu. Mwenye uwezo wa kuiondoa ila ya gari ni aliyelitengeneza, na kumwambia yeye, kwa maandishi na kwa upole, mara ya nne kama ya kwanza, ni subira iliyo kamili. Kumwambia kila abiria ni jambo jingine, na katika hilo mpwa wangu hakuwa maasumu.

Akafuata mshauri wa tatu, kazini, akamfunza njia fupi: alipeleke gari kwa wakala wa mji mwingine, siku ambayo taa haiwaki, alibadilishe kwa jingine na anyamaze. Nilimsimulia habari ya Wathila bin Al-Aska, sahaba wa Mtume, aliyemwona mtu akiondoka na ngamia aliyemnunua, akamfuata akamwuliza kama amemtaka kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, akamjulisha kuwa ukwato wa mnyama una tundu. Muuzaji akaghadhibika kwa kuharibiwa biashara yake. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi; alikuwa mpita njia, na bado aliona kuwa kimya kingemwingiza katika ghashi.

Basi akalipeleka mara ya nne, akakiandikia kiwanda chenyewe, na baada ya miezi kadhaa wakakubali kulinunua tena, ila wakakata dola 1,500. Akaniuliza kama si dhuluma. Kanuni ya huko huchukua bei, ikaizidisha kwa maili ambazo gari lilikuwa limetembea lilipofikishwa gerejini mara ya kwanza, ikagawanya kwa 120,000. Gari la dola 60,000 na maili 3,000 ndivyo litoavyo. Nikamkumbusha mbuzi aliyefungwa chuchu ili aonekane mwingi wa maziwa: Mtume alimpa mnunuzi hiari ya kumrudisha, pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama, na Mashafii husema pishi ni ile ile, maziwa yawe mengi au haba, ili watu wasigombane juu ya kitu kilichokwisha kunywewa. Zile maili 3,000 ni maziwa yake. Na maili zote alizokwenda baada ya kushitaki hazikuhesabiwa juu yake hata moja. Katika hilo naona insafu, kwamba tangu mtu aseme, subira yake huandikwa katika daftari la mtengenezaji.

Gari litauzwa tena, kwa alama katika hati yake ya umiliki na kibandiko katika fremu ya mlango wa kushoto, kumjulisha ajaye kuwa lilirudishwa. Mtume alipomkuta muuzaji aliyeficha ngano iliyorowa chini ya lundo, alimwuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione; hapa imewekwa juu.

Asubuhi ya kulikabidhi, aliniandikia, lilipanda mlima ule wa siku zote bila kushtuka hata kidogo, akaingiwa na hofu kuwa huenda limepona na yeye anachukua fedha isiyo yake. Nilimwuliza siku hiyo lilibeba mbao ngapi. Akajibu kuwa lilikuwa tupu.