Kujinyima, na Haki za Watu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kiingereza kina neno abnegation, nalo huonekana vitabuni zaidi kuliko kusikiwa sokoni. Asili yake ni Kilatini, na shina lake ni kukana: mtu aseme la, alisukume jambo mbali naye. Katika Injili ya Kilatini, kitendo hicho ndicho kilichotumiwa pale mfuasi alipoambiwa aikane nafsi yake. Na tangu hapo neno limechukuliwa kwa maana ya mtu kuikatalia nafsi yake inachokitaka, kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko nafsi hiyo. Waingereza wanalo na jingine lililo jepesi midomoni mwao, self-denial, na maana ni moja.

Neno hili la pili lilipata hata kufanywa jina la sheria. Mwaka 1645, katika vita baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake, Bunge lilipitisha amri ya kujikana nafsi, kwamba kila mjumbe wake mwenye ukuu wa jeshi au cheo cha serikali auache ndani ya siku 40. Mabwana wa Essex na Manchester, waliokuwa majemadari wakubwa, wakajiuzulu. Oliver Cromwell, naye ni mjumbe wa Bunge vilevile, muda wake uliongezwa, kisha akawekwa juu ya wapanda farasi, na mwaka 1653 akawa mtawala wa nchi nzima. Huenda vita vilimhitaji kweli, maana alikuwa hodari. Walakini yaonekana hapo kwamba neno la kujinyima likiandikwa juu ya karatasi halitoshi kumjulisha mtu ni nani aliyenyimwa na ni nani aliyepewa.

Wala Kiswahili hakikusalimika na jambo hilo. Mtu alaye wali bila ya kitoweo ili mwanawe apate kusoma, husemwa anajinyima, au kwa neno la kale, anajihini. Na bakhili aliyefukia fedha chini ya kitanda, naye akala wali ule ule mkavu, husemwa maneno yayo hayo. Sahani ni moja na neno ni moja. Lililobaki ni kuuliza: kile kilichonyimwa nafsi kimekwenda kwa nani?

Ama sheria ya Kiislamu haikuliacha swali hilo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubia, akamwona mtu amesimama. Akauliza khabari zake, akaambiwa kuwa ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama asikae, wala asiingie kivulini, wala asiseme na mtu, tena afunge. Mtume akaamrisha aseme, aingie kivulini, akae, na saumu yake aitimize. Na aangalie msomaji namna nadhiri ile ilivyochambuliwa. Mambo yalikuwa manne. Matatu yakatupwa, likabaki moja. Kuchomwa na jua hakukumnufaisha jirani wala maskini, wala si ibada iliyoamrishwa. Saumu ni ibada, ina mwanzo wake alfajiri na mwisho wake magharibi, na mwenye kufunga hufuturu.

Khabari ya Abu Dardaa ni nzito kuliko hiyo, kwa kuwa Abu Dardaa hakuwa peke yake juani. Alikuwa nyumbani na mkewe. Mtume alimfunga udugu na Salman al-Farisi. Siku moja Salman akaenda kumzuru nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo zilizochakaa, hana pambo lolote. Akamwuliza ana nini. Akajibu kuwa ndugu yake, Abu Dardaa, hana haja na dunia. Jibu hilo ni la adabu kubwa, na pengine hakuna shitaka la mke lililo chungu kuliko hilo. Abu Dardaa akaja, akamwandalia mgeni chakula, naye mwenyewe akasema amefunga. Salman akasema hatakula mpaka mwenyeji ale, akala. Usiku Abu Dardaa akataka kuondoka kwenda kusali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ilipofika mwisho wa usiku wakaondoka wote wawili wakasali. Kisha Salman akamweleza ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ikamfikia Mtume, naye akamsadikisha Salman.

Abu Dardaa alidhani anainyima nafsi yake tu. Kumbe alikuwako mwingine ndani ya nyumba aliyekuwa akinyimwa pamoja naye, wala hakuulizwa. Na wako waume, wengine ni watu wa safu ya mbele msikitini, wanaosifiwa nje kwa kuridhika na kichache, na huku ndani mke anapima mchele kwa kiganja. Mume akijinyima kitoweo, hilo ni lake. Akimnyima mkewe masurufu, hilo ni deni, wala haligeuki likawa zuhudi kwa kupewa jina la zuhudi. Hind bint Utba alipomshitakia Mtume kwamba mumewe, Abu Sufyan, ana mkono wa birika, alipewa ruhusa achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa kadiri ya ada.

Sadaka nayo ina mpaka. Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka katika Hija ya Kuaga, naye ana mali na mrithi wake ni binti mmoja tu. Akataka kutoa thuluthi mbili, akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa hiyo nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Waarabu wana neno la juu kuliko yote hayo, nalo ni ithari: kumtanguliza mwingine mbele ya nafsi. Abnegation hutazama kile kilichokataliwa; ithari humtazama aliyepewa. Hiyo ndiyo sifa ya Ansari katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 9. Mgeni mwenye njaa alimjia Mtume, na katika nyumba zake hakukupatikana ila maji. Akamchukua mtu mmoja wa Ansari. Kwake hapakuwa na kitu ila chakula cha watoto; wakawalaza, wakamwandalia mgeni, taa ikazimwa, na wenyeji wakajifanya wanakula. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, hakuipita khabari hiyo bila ya kuwataja watoto. Alieleza kuwa hawakuwa na haja ya chakula kile, ni tamaa ya kitoto tu. Na lau wangalikuwa na njaa ya kuwadhuru, kuwalisha wao kungalikuwa wajibu kabla ya mgeni. Waliolala na njaa usiku ule walikuwa mume na mke, na mke ndiye aliyeondoka kana kwamba anaitengeneza taa, akaizima.

Wallahu aalam.