Itaje kwa Jina Lake

Somo: Luka 19:1-10

Leo tunaanza na hesabu. Usiogope, tutafika kwa Neno.

Chukua 2 sitini na saba, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka wa 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha yake ya nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ikakaa hapo na heshima yake zaidi ya miaka mia mbili. Ukiitazama kwa nje, haina ufa.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa. Lakini sikia: alijua inagawanyika, ila hakujua inagawanywa na nini! Ikapita miaka 27. Ndipo mwaka wa 1903, kule New York, Frank Nelson Cole akazitaja: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba aliandika hesabu ubaoni bila kusema neno, akaketi, watu wakapiga makofi. Wanasema kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Hapo kwa Jumapili, mpendwa, usimwige!

Sasa, wengi wetu tumekwama 1876. Tunajua kuna kitu hakiko sawa, lakini hatukitaji. Tunaomba, "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote," tunasema amina, tunaenda kunywa chai. Mimi mchungaji wenu nimeiomba sala hiyo miezi minane, huku nikiwa na shilingi elfu kumi na mbili za ndugu mmoja wa hapa. Nikimwona baada ya ibada, napitia mlango wa nyuma. Asubuhi moja Roho Mtakatifu akaniuliza moyoni, "Hizo zote ni zipi?" Nikakosa jibu. Kumbe zilikuwa mbili tu: deni, na kiburi cha kumkwepa mwenye deni. Jioni hiyo nilimpigia simu.

Mwangalie Zakayo. Hakusema, "Sisi sote ni wenye dhambi." Alisimama akapiga hesabu mbele ya watu: nusu ya mali kwa maskini, na kama alimdhulumu mtu, kumrudishia mara nne. Siku hiyo hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake. Haleluya!

Mungu hahitaji miaka mitatu kukuchunguza. Zaburi 139 inatufundisha kwamba anakujua ukiketi na ukiinuka. Anayesubiriwa azitaje ni wewe.

Wiki hii, kabla ya kulala, taja moja kwa jina lake. Kama kuna mtu inamhusu, mtafute kabla ya Jumapili.

Tuombe: Baba, nimechoka kuonekana mzima kwa nje. Nipe ujasiri wa kutaja kile unachokijua tayari, na miguu ya kumwendea niliyemkosea. Katika jina la Yesu. Amina.