Zaburi Hazina Vina

Masomo: 2 Samweli 1:17-27; Maombolezo 5; Luka 1:46-55



Mwezi uliopita Halmashauri ya Kanisa ilikaa kupanga Sikukuu ya Mavuno. Vijana waliomba nafasi ya kusoma mashairi yao ya shukrani baada ya matoleo, nasi tukataka kuyasikia kwanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana mmoja aliposimama akasoma la kwake. Lilikuwa juu ya baba yake, aliyelima mpunga wa mwaka huu akafariki kabla haujakomaa. Mistari mingine ilikuwa mirefu, mingine ya neno moja, na vina hakuna. Alipokwisha, mzee mmoja alisema, kwa upole kabisa, ya kuwa hiyo ni habari tu wala si shairi. Tena Mungu hakutajwa hata mara moja. Na mbele ya madhabahu hatupeleki kitu kisichokamilika.

Ndipo watu wote waliponigeukia mimi. Wengi wenu mwajua kwamba nilifundisha Kiswahili katika vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, na walimu kadhaa wa hapa Rujewa hawajasahau jinsi nilivyokuwa nikigonga meza kwa kidole nikihesabu mizani zao. Walitazamia niseme kwamba mzee amenena kweli. Nikaomba nijibu katika gazeti letu, maana jibu langu halikuwa fupi, na ndani yake mna jambo ambalo sikuwa tayari kulisema kikaoni.

Mwaka 1989 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu. Niliwapa wanachuo kazi ya kutunga shairi la beti tano, mada wachague wenyewe. Mwanachuo mmoja aliandika juu ya mdogo wake wa kike aliyekufa kwa surua. Beti mbili za kwanza zilikuwa na mizani 16 barabara. Ubeti wa tatu ulianza kuyumba. Wa nne ulikuwa na mistari miwili tu, na wa tano haukuwapo. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika, "Hukufuata sheria. Rudia," na alama 4 kwa 20. Juma lililofuata aliniletea shairi safi juu ya mbolea ya samadi, vina vya kati na vya mwisho vyote mahali pake. Nilimpa 17. Nilifurahi sana siku ile, nikidhani nimefundisha. Kwa muda wote uliobaki chuoni kijana yule hakuniandikia tena habari za mdogo wake, wala za mtu mwingine ye yote wa nyumbani kwao.

Si kwamba sheria zile ni mbaya. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, nami nilisomea kwacho na kukifundisha. Shairi la kawaida lina mistari minne kila ubeti, mizani 16 kila mstari, nane upande huu na nane upande ule, na vina katikati na mwishoni. Utenzi ni mwepesi zaidi: mizani nane kwa mstari, na kina cha mstari wa nne hurudi kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi wote, hata ukiwa na beti mia. Nazipenda sheria hizi mpaka leo. Kitu kilichofungwa kwa vina na mizani hukaa kichwani. Bibi asiyejua kusoma aweza kukibeba miaka sitini na kumrithisha mjukuu. Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa msalabani na pumzi zikimwishia, hakutunga maneno mapya ya kumlilia Baba yake. Alianza Zaburi ya 22, aliyojifunza tangu utoto. Mtu aliyehifadhi shairi zuri ana kitu cha kushika saa ambayo hana nguvu ya kutunga lake.

Lakini tazameni sasa ni mashairi ya namna gani hayo aliyoyahifadhi.

Zaburi 150 hazikutungwa kwa vina. Mshairi wa Kiebrania hakutafuta sauti mbili zifanane. Alitafuta mawazo mawili yaitikiane. Neno la kwanza husemwa, la pili hulijibu, ama kwa kulirudia kwa namna nyingine, ama kwa kulipinga, ama kwa kulisukuma mbele kidogo. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule wapanda; ndivyo ilivyo Zaburi. Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kwa wasomi wa Ulaya alikuwa wa Kanisa letu, Robert Lowth, katika mafundisho aliyoyatoa chuoni Oxford na kuyachapisha mwaka 1753; baadaye akawa Askofu wa London. Na kwa kuwa uzuri wa Zaburi umo katika mawazo, Zaburi huvuka mto wa lugha bila kuzama. Ndiyo sababu twaweza kuzisali kwa Kiswahili, au kwa Kisangu, au kwa Kihehe, zikabaki mashairi. Sivyo ilivyo kwa baadhi ya tenzi zetu zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza. Humo tuni huangukia silabi ambayo Mswahili haikazi, nasi tunaimba maneno yamevunjwa mgongo. Lakini hayo ni manung'uniko ya mwalimu mzee, niyaache.

Tena Zaburi hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Ya 117 ina aya mbili tu. Ya 119 ina aya 176, nayo imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya nane kwa kila herufi; hapana shaka mtungaji wake angefaulu katika darasa langu. Ya 136 ina kiitikio ambacho watu hukirudia mara 26. Ya 24 ni ngonjera hasa: wako watu malangoni wanaouliza, na wako wanaojibu. Ya 45 ni ya arusi ya mfalme. Ya 104 hutazama simba na korongo, na pelele katika miamba. Ya 137 yaanza kwa machozi kando ya mito ya Babeli na kuishia katika hasira ambayo wengi wetu twaona haya kuisoma kwa sauti. Na ya 88, wapendwa, hulia tangu mwanzo mpaka mwisho, na neno lake la mwisho ni la giza. Hakuna aliyeongeza ubeti wa faraja ili imalizike vizuri. Kanisa huisoma hivyo hivyo.

Mzee wetu alisema Mungu hakutajwa katika shairi la kijana. Nimekwenda kusoma tena maombolezo ya Daudi juu ya Sauli na Yonathani, katika 2 Samweli sura ya kwanza. Daudi ataja milima, ngao, upinde na upanga. Ataja binti za Israeli na mavazi yao. Amwita rafiki yake ndugu. Jina la Mungu halimo. Hata hivyo wimbo ule uliandikwa katika Kitabu cha Yashari, na Daudi akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Kabla ya kuvikwa taji Hebroni, alikwisha kuagiza somo la ushairi, nalo lilikuwa somo la msiba.

Kitabu kilichonishinda kabisa ni Maombolezo. Nilikisoma miaka mingi bila kukiona. Kina sura tano, na kila sura ni shairi moja juu ya Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli, karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Sura ya kwanza ina aya 22, na kila aya yaanza kwa herufi yake kwa kufuata mpango wa alfabeti. Sura ya pili vivyo hivyo. Sura ya tatu, iliyo katikati, mtungaji amekaza kamba: aya 66, tatu tatu kwa kila herufi. Watoto wamekufa kwa njaa njiani, hekalu ni majivu, na mtu huyu bado anahesabu herufi zake! Mimi naamini alizihitaji, kama mtu anayevuka Ruaha wakati wa masika anavyohitaji kamba ya kushika. Sura ya nne yafuata herufi tena, lakini aya zake zimekuwa fupi kuliko zile za sura ya kwanza na ya pili. Kisha yaja sura ya tano. Hesabuni: aya ni 22. Kipimo kipo. Lakini herufi zimetoweka. Hazifuati mpango wo wote. Na shairi halimaliziki kwa amani, bali kwa swali la watu wasiojua kama Mungu amewakataa. Ni zito hata Wayahudi wanapolisoma hadharani hurudia aya ya 21 baada ya ya 22, ili wasiondoke na neno lile la mwisho masikioni.

Siku nilipoona hivyo nilikuwa nimestaafu, nimekaa barazani na Biblia magotini. Nikakumbuka karatasi ya mwaka 1989. Beti mbili sawasawa, wa tatu wayumba, wa nne mistari miwili, wa tano haupo. Mtu wa Yerusalemu alifanya vile vile, na waliokusanya Maandiko hawakumwambia arudie.

Nisieleweke vibaya. Yuko mwingine katika masomo yetu aliyeshika kanuni za wazee wake, naye ni Mariamu. Wimbo wake tunaousali katika Sala ya Jioni umesimama juu ya wimbo wa Hana, mama yake Samweli. Mawazo yake mengi ni yale yale, wenye nguvu kushushwa na wanyonge kuinuliwa. Binti wa kijiji alipewa habari kubwa kuliko zote, akaisema kwa nyimbo alizorithi. Zote mbili zimo katika Biblia yetu, kanuni iliyoshikwa na kanuni iliyokatika.

Hata katika Kiswahili chetu mambo ni hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane aliyekuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, nao ulidumu kwa sababu waweza kuimbwa na kukumbukwa. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa vina vilivyotimia. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara kama sisi, aliziweka Zaburi katika utenzi katika miaka ya 1960, na ndiye aliyetupa ngonjera ambazo sisi tuliokuwa shule wakati wa Azimio la Arusha tulizisema mbele ya wageni mpaka sauti zikakauka. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wenye sheria wakasema hayo si mashairi kabisa. Nilikuwa upande wao. Nilibishana na wenzangu bwenini usiku kucha, na nilijiona mlinzi wa lugha.

Kwa hiyo kwa vijana nasema neno moja gumu. Si kila mstari mfupi umevunjwa na majonzi. Mingine imevunjwa na uvivu, nami naitambua. Kezilahabi alizijua kanuni alizoziacha. Jifunzeni shairi, jifunzeni utenzi, hesabuni mizani kwa vidole mpaka vichoke. Mtu akishaweza kusimamisha nyumba, ndipo tutamwamini akituambia kwamba ukuta huu auacha wazi kwa makusudi.

Na kwa mzee wangu, ambaye namheshimu, nasema hivi. Umetukumbusha kwamba sadaka iwe kamilifu, na Walawi hudai hivyo kwa ng'ombe na kondoo. Lakini Zaburi ya 51 yataja sadaka ya namna nyingine, isiyo na umbo zuri hata kidogo, ambayo ni moyo uliopondeka. Kijana yule anakuja Sikukuu ya Mavuno na gunia la mpunga ambao baba yake aliupanda naye ameuvuna peke yake. Gunia tutalipokea bila kuuliza. Shairi lake latoka shamba lile lile.

Nimemwomba Padre maombolezo ya Daudi yawe somo la kwanza siku hiyo, na kijana asome la kwake mara baada ya hilo, kama lilivyo, asibadilishe neno. Padre amesema uamuzi ni wa Halmashauri, nayo itakaa tena Jumapili ijayo baada ya ibada. Kama kuna mjumbe ambaye bado ana shaka, tafadhali asome Maombolezo, sura zote tano kwa mfuatano, kabla hatujakutana. Hazimalizi nusu saa.

Nami kila Jumamosi saa kumi alasiri, mpaka Mavuno, nitakuwa chini ya mwembe nje ya kanisa. Kijana anayetaka kujifunza mizani aje na daftari. Na mama au mzee mwenye maneno yake ya shukrani au ya kilio, ambaye hakupata kusoma, aje pia; aseme kwa lugha yo yote aijuayo, nami nitaandika anavyosema.