Gwanda, Mkuki na Jirani

Swali tunalokusudia kulijadili hapa ni la siku nyingi, ila limevaa nguo mpya. Je, mtu huchagua vazi kwa kuwa moyo wake umekwisha kuwa hivyo, au moyo wenyewe hugeuka kidogo kidogo kwa sababu ya vazi? Wako wasemao kwamba kilemba hakimfanyi mtu kuwa shehe. Hayo ni kweli kwa siku ya kwanza. Lakini mtu akikivaa kilemba miaka kumi, watu wakamwamkia kama shehe, wakamwita kwenye mazishi na kumwuliza mambo ya mirathi, je, bado ni yule yule?

Tuanzie Lupiro, katika njiapanda ambapo barabara itokayo Ifakara hugawanyika, moja ikaelekea Mahenge na nyingine Malinyi. Vijana wa pikipiki hungoja abiria hapo. Zamani kidogo kijana wa kazi hiyo alivaa shati na kandambili, basi. Siku hizi utamwona mmoja ana buti nzito zilizofungwa hadi juu ya kifundo cha mguu; mwingine ana suruali ya kijani iliyokoza, yenye mifuko mapajani; wa tatu ana kisu ndani ya ala kiunoni, na kitambaa kimemfunika uso hadi chini ya macho. Hakuna hata mmoja wao aliyeamka asubuhi akaazimia kuwa askari. Kila kitu kiliingia kwa sababu yake. Buti ni za matope, kitambaa ni cha vumbi, kisu ni cha kukatia kamba za mizigo. Ukiwauliza, watakujibu hivyo, na hawasemi uongo. Walakini baada ya vitu hivyo likaja jina, wakaanza kuitana “kamanda”. Baada ya jina ikaja namna ya kusimama, miguu imepanuliwa na mikono imekunjwa kifuani. Baada ya kusimama ikaja namna ya kutazama. Mgeni ashukaye kwenye basi sasa hupimwa kwa macho kabla ya kusalimiwa, na mara nyingine salamu yenyewe husahauliwa.

Mnamo Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa kila raia mwenye sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, ayasalimishe. Sheria ilikwisha kukataza jambo hilo tangu zamani, na amri hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana mhalifu aliyevaa mabaka humwibia mwananchi mara mbili: humwibia mali yake, kisha humwibia imani yake kwa askari wa kweli. Lakini sheria hukamata kitambaa. Macho ya kijana wa njiapandani hayakukatazwa na sheria yoyote, wala hayawezi kukatazwa, na hayo ndiyo tunayoyaulizia.

Asije mtu akadhani kwamba tunadharau kujihadhari. Mkulima wa bonde la Kilombero hawezi kuishi bila silaha. Mpunga unapoanza kukomaa, jamaa nzima huhamia shambani, wakajenga dungu juu ya miti na kulala humo. Usiku huja nguruwe mwitu, na penye mto huja viboko. Mchana ni ndege. Mlinzi huwa na mkuki au panga, kurunzi, debe la kupiga na moto usiozimika. Huyu amejiandaa kuliko kijana yeyote wa njiapanda, na walimu wetu wangefanya vema kuwauliza wanafunzi ni kitu gani kinachowatofautisha. Sisi tunaona mambo mawili. Kwanza, mlinzi wa dungu anamjua adui yake: ana miguu minne, ana njia yake, ana saa yake. Pili, mavuno yakiisha dungu huachwa, na mkuki hurudi darini. Utayari wake una msimu. Kijana wa buti hana adui anayeweza kumtaja wala hana siku ya kuvua. Na jicho lililozoeshwa kutafuta adui pasipo na adui halikai tupu, bali humtia jirani katika nafasi ile. Sisi hukariri kila siku kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, tukidhani kwamba methali hiyo yasemea ubinafsi tu. Yamkini yasema pia jinsi ilivyo rahisi mkuki ule ule, katika mkono ule ule, kumsahau nguruwe.

Bonde hili lina ushahidi wa jambo hilo. Wangoni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 walileta ngao kubwa ya ngozi na mkuki mfupi wa kuchomea. Katika nusu ya pili ya karne ile watu wengi wa kusini ambao hawakuwa Wangoni kwa kuzaliwa waliiga silaha zile, na mavazi, na hata namna ya kwenda. Wahehe walichukua mengi. Wambunga, walioingia bondeni humu katika miaka ya 1860 na kuwashinda Wandamba na Wapogoro, walikuwa na sifa hiyo hiyo ya vita. Wengine waliitwa Maviti au Mazitu, na jina hilo pekee lilitosha kuuhamisha mji. Mwaka 1866 wapagazi wa kutoka Nzwani walimtoroka Livingstone, wakarudi Unguja wakasema ameuawa na Mazitu. Wakaaminiwa! Hakuna aliyeona maiti, na Livingstone alikuwa mzima. Ila hofu ya watu wale wa vita ilikuwa kubwa kiasi kwamba uongo haukuhitaji ushahidi. Ndugu msomaji, fikiri maana yake. Watu wanyonge waliliiga vazi la vita ili wasiwindwe. Baada ya muda hakuna aliyeweza tena kupambanua ni nani anayejilinda na ni nani anayewinda, maana wote walikuwa na ngao moja.

Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu babu zetu. Tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga, ambao baba zao walikuwa wamepigana wao kwa wao, waliishambulia kwa pamoja boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakakabili bunduki za rashasha. Siku ile adui alikuwa na jina na bendera. Mkuki ulikuwa mahali pake.

Kuna pia njia nyingine ya kuliiga jeshi, nayo inatufurahisha, kwa hiyo tutaitaja japo si kiini cha hoja. Katika miji ya pwani ilianza ngoma ya beni, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyowarudisha makwao askari na wapagazi wengi, ikaenea nchi nzima. Wachezaji walivaa kama maofisa, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo vya jenerali na kapteni na daktari. Wazungu wengine walicheka, wengine wakaingiwa na wasiwasi. Lakini ndani ya vyama vile vya beni watu walizikana, walichangiana, walimpokea mgeni wa mji. Gwanda lilikuwa la jeshi. Kilichokuwamo ndani kilikuwa ujima. Vazi, basi, si mchawi. Halimgeuzi mtu peke yake. Hutegemea limevaliwa ili kumkaribia nani na kumkwepa nani.

Sasa tuitazame lugha yetu, kwa kuwa lugha nayo ni vazi. Zamani mtumishi aliyekuja kijijini aliitwa bwana shamba, bwana afya, bwana nyama. Majina hayo yalikuwa na ubwana wa kikoloni, hatukatai, ila yalimtaja mtu kwa kitu anachokitunza. Baada ya uhuru tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Vita hiyo ilikuwa njema kwa kuwa hakuna hata mmoja wa maadui wale aliyekuwa na mke na watoto. Shida huanza pale maneno ya vita yanapotafuta mwili. Mwaka 1973 ilipoamriwa kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini kabla ya mwaka 1976 kwisha, kazi iliyokusudiwa kuwa ya ujamaa ikaitwa operesheni, na mahali pengine mwananchi aliyechelewa alitendewa kama mtu wa upande wa pili: aliondolewa kwa nguvu, na nyumba yake ikachomwa moto.

Jambo hili liko karibu sana na Lupiro, kwa sababu upande wa mashariki ndiko kuliko mbuga za Selous. Mwaka 1976 tembo wa Selous na Mikumi walikisiwa kuwa zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta wapatao 13,000 tu. Majangili walikuwa na bunduki za kivita, na aliyetumwa kuwazuia kwa fimbo alitumwa kufa. Kwa hiyo haja ya silaha ilikuwa ya kweli, kama vile buti za matope. Oktoba 2013 ikaanza Operesheni Tokomeza. Katika majuma machache malalamiko ya raia waliopigwa, kuteswa na kuuawa yalifika Bungeni. Operesheni ikasimamishwa, na Desemba mwaka ule mawaziri wanne wakaondolewa. Dola ilikiri wazi kwamba mkuki ulikuwa umemsahau nguruwe. Baadaye watumishi wa uhifadhi waliingizwa katika mfumo wa jeshi usu, wakapewa gwaride na vyeo. Nidhamu ni kitu chema. Lakini bwana nyama aliyekuwa akinywa chai kwa mwenyekiti wa kijiji na kusikia habari za tembo kabla hazijawa msiba, amekwenda wapi? Swali hili tunaliuliza kwa heshima, kwa kuwa wengi wa vijana waliovaa sare zile ni watoto wetu, na wengine wamekufa wakiwa kazini.

Vilevile yafaa tukumbuke kwamba silaha haina maana moja. Wafugaji wa Kimasai, Kibarabaig na Kisukuma wameingia bondeni na mifugo yao kwa miaka mingi sasa. Mmasai hutembea na fimbo, rungu na sime. Kwake hilo ni vazi la mwanamume aliyekamilika, na akivua hujiona yu uchi. Mkulima wa mpunga akimwona ukingoni mwa shamba huona vita. Naye humchukua mgambo wa kijiji, au panga, au wenzake kumi. Mfugaji akiona watu kumi wenye mapanga, hana budi kuona vita naye. Kila mmoja amejihami, na kila mmoja amemtisha mwenzake kwa kujihami kwake. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, Desemba 2000, njia ya namna hiyo iliishia kwenye maiti 38. Tunaomba mwalimu asiipite habari hii upesi. Kabla ya siku ile kulikuwa na miezi ambayo watu wa pande zote mbili walijiona wana tahadhari tu.

Watatuambia: dunia ni mbaya, mnataka vijana walegee? La. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, mgambo walitoka vijijini wakaenda vitani, na vita ilipokwisha wengi walirudi wakashika jembe. Vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa hufundishwa kutii, kuvumilia na kulima, kisha huvua sare na kurudi nyumbani. Huo ni utayari wenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Tunaloliogopa ni ile sare ya moyo isiyokabidhiwa ghalani.

Tena Lupiro ina silaha nyingine, ambayo wengi hawaihesabu kuwa silaha. Mbu wa bonde hili wamewaua watoto wengi kuliko simba na majangili. Kuanzia mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walieneza katika wilaya za Kilombero na Ulanga vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. (Jina zuri: zuia, si teketeza.) Ilionekana kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza kunusurika kwa asilimia 27. Na uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba hata mtoto asiye na chandarua hupata nafuu, iwapo majirani zake wanavyo, kwa sababu dawa humwua mbu kabla hajafika kwake. Mtu mmoja amejikinga, na wa nyumba ya pili amelala salama bila kujua. Ukiliweka jambo hilo kando ya kisu kile cha kiunoni, ambacho kila akivaacho humlazimisha jirani kutafuta chake, utaona tunachokitafuta tangu mwanzo wa makala haya.

Mvua zinapokolea, mnamo Januari, njiapanda ya Lupiro hupungua watu. Vijana wengi wa pikipiki wana majaruba ya mama zao, na kazi ya kupandikiza haingoji. Buti haziingii katika tope la mpunga, hunasa. Kwa hiyo huvuliwa na kupangwa juu ya tuta, pamoja na suruali za mifuko, na kisu huchomekwa kwenye ngazi ya dungu ili kisilowe. Humo majini wamekunja kaptura, wameinama safu moja na dada zao na watu wa shamba la pili, wanatupiana miche na utani. Jioni hutoka wamechoka mno, wakaenda zao peku. Mara nyingi kisu husahauliwa pale pale, mpaka mtoto wa jirani akione asubuhi, akipeleke kwa mwenyewe.