Popo wa Paani: Haki ya Mwenye Nyumba na Mipaka Yake

Katika vijiji vingi vya Kongo popo hupenda kukaa katika mapaa ya nyumba, ya shule na ya kapela. Mchana hulala chini ya mabati. Jioni hutoka kutafuta chakula. Mavi yao huanguka kitandani na hata juu ya altare, harufu yake ni kali, na kelele zao huwanyima watoto usingizi. Basi wenye nyumba hukasirika. Wengine huwafukizia moshi, wengine huwapiga kwa fimbo, wengine huziba matundu popo wangali ndani, wafe kwa njaa na joto. Nao watoto huwaokota walioanguka, wakawafunga kwa uzi na kuwachezea mpaka wafe.

Hapo linazuka swali limpasalo kila mtu ajiandaaye kwa Ubatizo: Je, mwenye nyumba ana haki ya kumtenda mnyama kama apendavyo, kwa sababu mnyama huyo ameingia nyumbani mwake?

Kwanza ijulikane wazi kwamba kumwondoa mnyama msumbufu si dhambi. Nyumba ni mahali pa kulea watoto, na kapela ni mahali pa kumwabudu Mungu. Yafaa zote mbili ziwe safi. Mama aonaye nyoka mwenye sumu karibu na mtoto wake, akamwua mara moja, hana kosa lo lote. Uhai wa mtu wapita uhai wa mnyama.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Katekisimu ya Eklezya Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Tena mafundisho hayo yamewekwa chini ya Amri ya saba, ile ikatazayo wizi. Kwa nini pale? Kwa sababu viumbe vyote ni mali ya Mungu. Mtu aliyekabidhiwa mbuzi wa jirani aweza kumfunga asile mihogo. Hawezi kumvunja miguu kwa hasira, kisha akajitetea kwamba alipewa amchunge. Ndivyo alivyo mtu mbele ya viumbe vyote. Utawala aliopewa ni utawala wa msimamizi, naye atatoa hesabu kwa Mwenye mali.

Wako wasemao: "Popo huleta magonjwa, afadhali wauawe wote." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Katika machimbo ya dhahabu ya Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, ugonjwa wa Marburg uliua watu zaidi ya 120 kati ya miaka 1998 na 2000, nao hubebwa na popo walao matunda wakaao mapangoni. Lakini yatazamwe yaliyotokea Kitaka, nchini Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi ule walipatwa na ugonjwa huo huo, na watu wakawaua popo wake maelfu kwa maelfu. Kufika mwaka 2012 popo wengine walikuwa wamehamia humo. Idadi yao ilikuwa ndogo kuliko kwanza, lakini wenye ugonjwa walikuwa 13 katika kila 100, hali zamani walikuwa 5 tu. Maangamizi hayakuleta usalama uliotazamiwa.

Hata hivyo, Mkristu hauachi ukatili kwa sababu tu haumfaidii. Huuacha kwa sababu unamharibu moyo. Mtakatifu Tomasi wa Akwino alifundisha, katika karne ya 13, kwamba mtu azoeaye kuwahurumia wanyama huwa mwepesi wa kuwahurumia wenzake. Mtoto achekaye mnyama akiteseka leo, kesho atamcheka nani?

Tena hasira ya namna hiyo haikomi kwa popo. Mara nyingi husemwa kwamba popo ametumwa na mchawi, na macho ya watu humgeukia bibi kizee aishiye peke yake. Hapo Amri ya nane yavunjwa, na pengine hata ya tano. Popo haingii kwa kutumwa na mtu. Aingia kwa sababu ameona tundu na mahali penye joto. Adawa yake si kumtafuta mchawi, bali kuziba tundu.

Na kuziba kuna utaratibu wake. Watu wakae nje jua likichwa, watazame popo wanatokea wapi. Matundu mengine yote yazibwe, wakiacha lile kubwa. Juu ya tundu hilo watundike kitambaa au wavu, uliofungwa upande wa juu na kulegea chini: popo atateleza na kutoka, lakini hataweza kurudi. Baada ya juma moja, wakiona hakuna atokaye tena, wazibe kabisa. Wakiona watoto wasioweza kuruka bado, wangoje majuma machache kabla ya kuanza, maana mama akizuiliwa nje, watoto hufa ndani na kuoza. Popo asishikwe kwa mkono mtupu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Mavi yanyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na mfagiaji afunike pua na mdomo.

Yabaki neno moja, nalo ni la mapendo. Popo waliofukuzwa hutafuta paa jingine, na mara nyingi ni lile bovu la mjane asiye na wa kumtengenezea. Mwenye nguvu akiisha kuziba kwake, achukue ngazi na udongo wake, akazibe na kwa mjane kabla jioni haijafika. Hivyo popo watakwenda kwenye miti na mapango, ambako Muumba amewawekea nafasi, na wengi wao watazidi kula wadudu wa usiku. Nyumba ya tajiri itakuwa safi, ya maskini vilevile, na hakuna kiumbe kilichoteswa bure. Huo ndio utawala Mungu aliomkabidhi mtu.